Mfumo wa Kalman na msimbo wa Elias: kitu kimoja au vinafanana tu?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa nne wa uhandisi wa umeme. Muhula huu nasoma udhibiti na mawasiliano ya kidijitali kwa pamoja, na mambo yananichanganya. Kwenye udhibiti tunaandika hali ya mfumo, ingizo na tokeo, kisha tunapima kama hali inadhibitika (ingizo linaweza kuifikisha popote) na kama inatambulika kutokana na tokeo. Kwenye mawasiliano tumefika kwenye misimbo ya konvolusheni: rejista za kuhifadhi biti, polinomia za D, wavu wa hali (mchoro wa njia zote ambazo hali inaweza kupita). Naona ni milinganyo ileile. Mhadhiri mmoja aliniambia ni kufanana kwa michoro tu, nisijisumbue. Nikajaribu mwenyewe. Nilichukua kisimbaji chenye polinomia 1+D na 1+D², ambacho kitabu kinakiita cha maangamizi, nikakipima kwa kipimo cha Kalman cha kutambulika. Kikafaulu bila shida! Sasa Mwalimu, uhusiano upo au haupo? Na jambo hili linatosha kuwa mradi wa mwisho?

JIBU

Marahaba. Uhusiano upo, tena ni wa ndani kuliko michoro. Kisimbaji cha konvolusheni, yaani saketi inayoongezea ujumbe biti za ziada ili makosa ya njiani yasahihishike, ni mfumo wa mstari wenye hali, ingizo na tokeo, sawa na mota unayoidhibiti maabara. Tofauti ni kwamba namba zake ni 0 na 1 tu. Jaribio lako halikuuvunja uhusiano huo. Limekufikisha kwenye kona yake iliyo ngumu kuliko zote, kona ambayo wengi huipita bila kuiona, na ndiyo sababu nimeamua kukujibu kwa urefu.

Tuanze na kilicho wazi. Chukua kisimbaji kidogo kinachopatikana karibu katika kila kitabu: rejista mbili, polinomia 1+D+D² na 1+D². Kila tiki ya saa inaingia biti moja, u, na zinatoka mbili. Biti ya kwanza inayotoka ni jumla ya biti ya sasa, ya tiki iliyopita na ya tiki ya kabla yake. Ya pili ni jumla ya biti ya sasa na ile ya tiki mbili nyuma. Jumla hapa ni ya hesabu ambamo 1+1=0. Ukiyaita yaliyomo kwenye rejista x₁ na x₂, unapata: x₁ mpya = u, x₂ mpya = x₁, y₁ = u+x₁+x₂, y₂ = u+x₂. Hizo ni matriksi nne za Kalman, herufi kwa herufi. Ile D ya polinomia ni kuchelewesha kwa tiki moja, yaani z⁻¹ uliyoizoea.

Hakuna hatua katika aljebra ya kudhibitika, ya kutafuta mfumo mdogo kabisa, au ya kubadilisha majira ya hali, inayodai namba ziwe halisi. Inadai tu uweze kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa, na seti ya 0 na 1 inaruhusu yote manne. Kinachodai namba halisi ni uthabiti, ukubwa wa mawimbi na masafa. Hayo nitayarudia, maana ndipo uhusiano huu unapofika kikomo.

Kihistoria pia si jambo la kubahatisha. Peter Elias wa MIT alileta misimbo ya konvolusheni mwaka 1955. Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest aliyekulia kitaaluma Marekani, aliweka kudhibitika na kutambulika mezani kwenye mkutano mkuu wa udhibiti wa Moscow mwaka 1960, na kitabu alichokitoa na Falb na Arbib mwaka 1969 kinajenga nadharia ya mifumo juu ya uga wowote wa namba (seti yoyote inayoruhusu matendo yale manne), si namba halisi peke yake. Watu wa kwanza kuunganisha kambi mbili kwa makusudi walikuwa James Massey, mtu wa misimbo, na Michael Sain, mtu wa udhibiti, wote wawili wa Chuo Kikuu cha Notre Dame kule Indiana. Makala yao ya mwaka 1967 kuhusu misimbo, otomata na mifumo ya wakati usiokatika ilichapishwa kwenye jarida la udhibiti, si la mawasiliano. Kwa hiyo mhadhiri wako anapokwambia ni michoro tu, usibishane naye, mheshimu. Lakini jambo hili lina zaidi ya nusu karne.

Sasa kitendawili chako. Kisimbaji cha 1+D na 1+D² kina milinganyo hii: y₁ = u+x₁, y₂ = u+x₂. Matriksi C inayotoa tokeo kutoka kwenye hali ni ile yenye 1 kwenye ulalo na 0 kwingine. Unaziona hali zote mbili moja kwa moja. Bila shaka kipimo cha Kalman kitafaulu, hata ukikifanya umesinzia.

Lakini tazama kwa nini kitabu kinakiita cha maangamizi. Mtu akituma 1 mfululizo bila kikomo, baada ya tiki mbili rejista zote zina 1, na kila tokeo ni 1+1, yaani 0. Ukihesabu tangu mwanzo, zinatoka biti tatu tu zenye thamani 1, kisha kimya cha milele. Kelele za njiani zikigeuza hizo biti tatu kuwa sifuri, mpokeaji anaona sifuri tupu na kuamua kwa dhamiri safi kabisa kwamba ujumbe ulikuwa sifuri tupu. Makosa matatu hewani yamezaa makosa yasiyo na mwisho kwenye ujumbe. Hayo ndiyo maangamizi. Chanzo chake ni kwamba 1+D² katika hesabu hii ni (1+D)(1+D), kwa hiyo polinomia zako mbili zina Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS ya shule ya msingi, ambacho ni 1+D. Massey na Sain walithibitisha mwaka 1968 kwamba kisimbaji cha namna hii hukwepa maangamizi pale tu KKS inapokuwa 1, au D iliyozidishwa yenyewe mara kadhaa.

Kwa nini basi Kalman hakuliona? Kwa sababu kipimo chake kinachukulia kwamba unalijua ingizo. Kwenye mota hilo ni halali: volti unaitoa wewe. Kwenye msimbo, ingizo ndilo unalolitafuta! Swali la mpokeaji ni gumu zaidi: je, kuna ingizo lolote, hata nisilolijua, litakaloweza kuunyamazisha mfumo wakati hali yake haijawa sifuri? Mhandisi wa udhibiti ana jina la kitu hicho pia. Ni sifuri ya mfumo, ile modi ambayo ukiiingiza haitokei upande wa pili. Kisimbaji chako kina sifuri penye D=1. Kwa hiyo ulikuwa na chombo sahihi kwenye kabati, ulichukua cha jirani yake.

Kuna njia nyingine ya kuliona, na mimi ndiyo ninayoipenda. Chukua msimbo uleule, lakini panga upya nani aitwe ingizo. Badala ya kusema ujumbe unaingia na biti mbili zinatoka, sema y₁ ndiyo inayoingia na y₂ ndiyo inayotoka. Zote mbili zinapita hewani, zote mpokeaji anazipata, kwa hiyo hapa dai la Kalman la kulijua ingizo linakuwa la haki. Ili kufanya hivyo, ujumbe unaandikwa u = y₁+x₁. Weka humo kwenye milinganyo yako: x₁ mpya = x₁+y₁, x₂ mpya = x₁, na y₂ = x₁+x₂+y₁. Sasa pima tena. C ni [1 1]. C ikizidishwa na A, matriksi inayotoa hali mpya kutoka ile ya zamani, inatoa [0 0]. Kwa hali mbili, kipimo kinadai safu hizo mbili zisitegemeane. Safu moja tu ina kitu, kipimo kimefeli. Hali (1,1) inakaa pale pale ikizunguka, huku y₂ ikitoa sifuri, na hakuna anayejua kama ipo.

Fanya hivyohivyo kwa kisimbaji cha 1+D+D² na 1+D². Utapata y₂ = y₁+x₁, C ni [1 0], na C mara A ni [1 1]. Safu mbili zisizotegemeana. Kimefaulu, na KKS yake ni 1. Vipimo viwili vinasema jambo moja.

Je, umeona tulichofanya tulipoandika u = y₁+x₁? Ni mrejesho wa hali. Mwalimu wako wa udhibiti bila shaka amekwisha kuwaambia kwamba mrejesho wa hali hauwezi kuharibu kudhibitika, lakini unaweza kuharibu kutambulika. Kwake ni tahadhari ya pembeni. Kwetu ni kiini cha jambo zima, na hapa ndipo watu wa misimbo na watu wa udhibiti wanapotofautiana kimtazamo ingawa milinganyo ni mamoja.

Mtu wa udhibiti anajali ramani kutoka ingizo hadi tokeo. Akiweka mrejesho, ramani inabadilika, na ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mtu wa misimbo anajali kundi zima la mifuatano inayoweza kutokea hewani. Kundi hilo ndilo msimbo. Ukiweka mrejesho, unabadilisha ujumbe gani unaenda na neno gani la msimbo, lakini orodha ya maneno inabaki ileile, na nguvu ya kusahihisha makosa inabaki ileile. Jan Willems, Mbelgiji aliyefundisha Groningen, alianza katikati ya miaka ya 1980 kujenga nadharia ya mifumo inayotanguliza kundi la mienendo yote inayowezekana, na kuacha suala la nani ingizo na nani tokeo liamuliwe baadaye. Alikuwa akiwaza mifumo ya kifizikia. Ila ukiisoma ukiwa mtu wa misimbo unajikuta nyumbani: matriksi inayozalisha msimbo ni njia moja ya kuuelezea mwenendo, matriksi ya ukaguzi, inayotaja masharti ambayo kila neno la msimbo lazima liyatimize, ni njia ya pili, na mwenendo unaoweza kuzalishwa kwa njia ya kwanza ndio Willems anaouita unaodhibitika. Joachim Rosenthal, naye akiwa Notre Dame wakati huo, pamoja na Schumacher na York, waliufunga uzi huo kwenye misimbo ya konvolusheni mwaka 1996.

Ukitaka kuona faida ya mrejesho kwenye msimbo, tazama misimbo ya turbo ambayo Berrou, Glavieux na Thitimajshima waliiwasilisha Geneva mwaka 1993. Visimbaji vyake vya ndani vina mrejesho. Kama ningekifanyia vilevile kisimbaji chetu cha rejista mbili, ningetuma ujumbe wenyewe, na pembeni yake ujumbe uliopita kwenye (1+D²)/(1+D+D²). Maneno ya msimbo hayakubadilika hata moja. Lakini biti moja ya ujumbe, ambayo zamani ilizaa biti tano hewani kisha ikanyamaza, sasa inazaa mfuatano usiokwisha. Turbo inaishi kwa tabia hiyo.

Kudhibitika nako hakukukaa kwenye karatasi. Fikiria ujumbe mfupi wa simu unaopita kwenye mtandao wa 2G, tuseme ule wa M-Pesa unaokuambia pesa imeingia. Njia za ishara za GSM hubeba vipande vya biti 184. Kila kipande huongezewa biti 40 za ukaguzi, kisha sifuri 4 mwishoni, jumla 228, halafu kinapitishwa kwenye kisimbaji cha rejista nne kinachotoa biti mbili kwa kila moja: 456. Zile sifuri nne za nini? Ni za kuirudisha hali kwenye sifuri, ili kisimbuzi kijue njia imeishia wapi. Kuifikisha hali pale unapotaka kwa idadi ya hatua iliyo sawa na idadi ya rejista ndiyo maana halisi ya kudhibitika, na wewe umekuwa ukiibeba mfukoni tangu ulipopata laini. Kwenye kisimbaji chenye mrejesho sifuri hazitoshi; biti za mwisho inabidi zichaguliwe kulingana na hali iliyopo. Mtu wa udhibiti ataitambua kazi hiyo papo hapo.

Polinomia za GSM ni 1+D³+D⁴ na 1+D+D³+D⁴. Zijumlishe. Inabaki D peke yake. Yaani ukijumlisha biti mbili zinazopokelewa kila tiki, unapata ujumbe wenyewe uliochelewa tiki moja, bila kisimbuzi chochote cha maana. Massey na Costello waliandika juu ya misimbo ya tabia hii mwaka 1971, kwa ajili ya vyombo vya anga. Naipenda mifano kama hii kwa sababu KKS inathibitika kuwa 1 kwa mstari mmoja: kinachogawa polinomia zote mbili lazima kigawe D, na D haigawi hata moja kati ya hizo mbili.

Deni, kwa njia, halikuwa la upande mmoja. Kazi ya Massey na Sain ya kugeuza mfumo kinyume, yaani kupata ingizo kutoka kwenye tokeo, ilianzia kwenye misimbo, na mwaka 1969 wakaipeleka kwenye mifumo ya kawaida ya udhibiti. David Forney, mhandisi wa kampuni ya Codex kule Massachusetts, alichambua muundo wa aljebra wa misimbo ya konvolusheni mwaka 1970, na mwaka 1975 akachapisha kwenye jarida la udhibiti makala juu ya besi ndogo kabisa za polinomia. Watu wa udhibiti wanazitumia hadi leo, na digrii zinazotoka humo wanaziita kwa jina lake. Ni digrii zilezile wanazozipata kwa njia nyingine wanapopima kudhibitika kwa mifumo yenye maingizo mengi.

Kuhusu kusimbua nitapita haraka, maana hapo vitabu vingi vinasema vizuri. Kichujio cha Kalman na algoriti ya Viterbi ya mwaka 1967 vinafanya kazi moja: kukisia hali iliyofichika kutokana na matokeo yenye kelele, hatua kwa hatua, bila kuhifadhi historia yote. Kalman anabeba wastani na matriksi ya mashaka kwa sababu hali zake hazihesabiki. Viterbi ana hali chache, kwa hiyo anabeba njia moja bora kwa kila hali. Chombo cha Voyager, kilichorushwa 1977, kilitumia msimbo wa rejista sita: hali 64, njia 64 za kubeba kila tiki. Jim Omura alionyesha mwaka 1969 kwamba kazi ya Viterbi ni upangaji hatua kwa hatua wa Bellman, uleule unaousoma kwenye udhibiti bora. Na algoriti ya Bahl, Cocke, Jelinek na Raviv ya mwaka 1974, inayopita mbele kisha nyuma, ina umbo la kichujio kinacholainisha makadirio kwa kutumia data ya baadaye.

Nataka kukaa zaidi kwenye misimbo ya Reed na Solomon, kwa sababu hapo hakuna rejista wala wakati, kila kitu ni kipande kimoja cha data, na bado mfumo unajitokeza. Ni misimbo ya mwaka 1960. Iko kwenye kila mraba wa QR uliobandikwa kaunta ya duka kwa ajili ya kulipia, ndiyo maana mraba uliochanika pembe bado unasomeka. Voyager 2 ilitumia muungano wa Reed na Solomon na konvolusheni kurudisha picha za Uranus mwaka 1986 na Neptune mwaka 1989. Toleo lake maarufu lina alama 255, kati ya hizo 223 ni za ujumbe na 32 za ukaguzi, na linasahihisha alama 16 zilizoharibika, popote zilipo.

Mpokeaji anapopata kipande, anakokotoa namba 32 ziitwazo sindromu. Kama hakuna kosa zote ni sifuri. Kama yapo, kila sindromu ni jumla ya vipande vya namna hii: ukubwa wa kosa, mara alama ya mahali pa kosa iliyozidishwa yenyewe mara j. Isome tena taratibu ukiwa umevaa kofia ya udhibiti. Jumla ya modi, kila modi ikikua kwa kipeo cha j. Huo ni mwitikio wa pigo wa mfumo wa mstari, yaani tokeo lake ukiupiga mara moja tu kisha ukauacha! Mahali pa makosa ni modi za mfumo, ukubwa wa makosa ni uzito wa kila modi, na idadi ya makosa ni ukubwa wa hali. Kutafuta makosa kumi na sita ndani ya alama 255 kumegeuka kuwa swali unalolifahamu: umepewa hatua 32 za mwanzo za mwitikio, jenga mfumo mdogo kabisa unaoweza kuutoa.

Ho na Kalman walilijibu swali hilo mwaka 1966 kwa matriksi ya Hankel, ambayo idadi ya safu zake zisizotegemeana ndiyo ukubwa wa mfumo. Wesley Peterson alikuwa ameshapanga sindromu kwenye matriksi ya umbo hilohilo mwaka 1960 ili kuhesabu makosa ya misimbo ya BCH, ndugu wa karibu wa Reed na Solomon. Algoriti ya haraka ilitoka kwa Elwyn Berlekamp, na mwaka 1969 Massey akaonyesha kwamba kinachofanywa na Berlekamp ni kujenga rejista fupi kabisa yenye mrejesho inayoweza kuzitoa sindromu hizo. Ukirudi nyuma zaidi unamkuta Mfaransa Gaspard de Prony, mwaka 1795, akitafuta modi ndani ya vipimo vya mvuke na gesi kwa mbinu ambayo kimsingi ni hii hii, ila kwa namba halisi. Kama kuna sehemu moja ningemtaka kila mwanafunzi wa mawasiliano aifundishwe kwa lugha ya mifumo, ni hii. Wengi wanaikariri algoriti ya Berlekamp na Massey kama dua, wanafaulu mtihani, na hawajui inatafuta nini.

Sasa kikomo nilichokuahidi. Nadharia ya mifumo inakupa muundo wa msimbo: ukubwa wa hali, visimbaji vipi vinalingana, kipi ni cha maangamizi, kinyume chake ni kipi. Haikupi umbali. Nguvu ya msimbo inategemea maneno yake mawili yaliyo karibu kuliko yote yanatofautiana kwenye biti ngapi, na hilo hakuna modi wala kipimo cha Kalman kitakachokwambia. Kwenye namba halisi una nishati ya wimbi, ambayo ni laini na inatii kalkulasi. Uzito wa Hamming ni kuhesabu tu biti zisizo sifuri; ukibadilisha majira ya tokeo, umeuharibu. Ndiyo maana polinomia za ule msimbo wa Voyager wa hali 64, ambazo baadaye ziliingia hata kwenye Wi-Fi, zilipatikana kwa kusaka kwa kompyuta. Umbali wake ni 10. Hakuna aliyeupata kwa kuweka modi mahali pazuri.

Hata hivyo lipo daraja kati ya umbali na hali, ingawa ni la kuweka ukomo tu. Rosenthal na Roxana Smarandache walitoa mwaka 1999 ukomo wa juu wa umbali unaotegemea ukubwa wa hali, yaani ile digrii ya McMillan ya udhibiti. Kwa kisimbaji cha ingizo moja ukomo huo ni rahisi: ongeza moja kwenye ukubwa wa hali, kisha zidisha kwa idadi ya matokeo. Kwa rejista zetu mbili ni 2×3, sawa na 6. Msimbo wa 1+D+D² na 1+D² una 5, na kwa biti za 0 na 1 hakuna wa ukubwa huo unaofika 6. Kwenye uga mkubwa zaidi ukomo unafikika, na baadhi ya njia za kuufikia zimejengwa kwa matriksi za hali. Ni kazi nzuri, ila isikupe matumaini kwamba muundo wa udhibiti utakuletea misimbo bora peke yake. Mitandao ya 5G imehamia kwenye misimbo ya LDPC kwa data na ya polar kwa ishara, ambayo kimsingi inasomwa kwa grafu badala ya hali inayotembea kwenye wakati.

Kuhusu mradi: unatosha, mradi tu usiandike kurasa sitini za kusema vitu viwili vinafanana. Mimi ningekupa kazi hii. Andika programu inayopitia visimbaji vyote vya ingizo moja na matokeo mawili, kuanzia rejista mbili hadi sita, ukidai polinomia ya kwanza ianze na 1 na angalau moja ifikie digrii ya juu kabisa. Kwa kila kimoja fanya vipimo viwili: KKS kwa algoriti ya Euklidi, na kipimo cha Kalman baada ya kuhamisha y₁ kuwa ingizo. Vinapaswa kukubaliana kila mara. Vikigombana, kuna hitilafu kwenye programu yako, na utajifunza mengi ukiitafuta. Kwa visivyo vya maangamizi kokotoa umbali huru (ule wa maneno mawili yaliyo karibu kuliko yote) kwa kupita kwenye wavu wa hali, kisha chora umbali dhidi ya idadi ya rejista, na pembeni yake ukomo wa Rosenthal na Smarandache. Pengo kati ya mistari miwili litakupa sura ya mwisho ya ripoti yako. Muda ukibaki, rudia kwa uga wa alama nne badala ya mbili uone pengo linavyopungua. Na omba wasimamizi wawili, mmoja kutoka kila somo. Yule aliyekuambia ni michoro tu, mwalike awe mmoja wao.